Mzinga Tuliouita Mbuzi

Bwana shamba alikuja kwangu Muleba, akavua kofia, akaniambia ning'oe migomba yangu yote na niizike. Kukata tu hakukutosha. Ilitakiwa kung'olewa na kufukiwa kama maiti, kwa sababu mnyauko ulikuwa umeshaingia, na ukipasua shina unaona usaha wa njano ukichuruzika. Nikamwambia, "Kijana, kibanja hiki nilikipanda mwenyewe. Hakuna aliyenipa hata chipukizi." Akajibu, "Najua, mzee. Ndiyo maana sikutuma mtu, nimekuja mwenyewe." Kwa jibu hilo nilimheshimu. Vibarua walikuwepo na majembe yao, lakini mgomba wa kwanza niliukata mimi. Panga likapita, maji ya shina yakanirukia shingoni na kifuani, ya baridi, yenye ile harufu ya ubichi, na mimi niliyemzika mke bila kutoa chozi mbele za watu nikakaa chini kwenye majani nikalia. Vibarua walidhani nalilia migomba. Waache wadhani hivyo. Maji yale yaliwahi kunimwagikia vilevile, mbali sana na hapa, mwaka wa arobaini na nne, nikiwa nimelala kifudifudi ubavuni kwa Laurenti huku mzinga wa Mjapani ukitoboa migomba juu ya vichwa vyetu.

Nilisoma madarasa mawili ya misheni, basi. Nyumba hii ya matofali, kahawa, lori nililoendesha mpaka likachakaa, hakuna hata kimoja nilichopewa na mtu wala na cheti. Kwa hiyo naandika kama ninavyosema, na asiyependa aweke chini. Habari za baba na babu sitaziandika. Anayezitaka aende makaburini akasome. Nitaandika mwaka ule mmoja, kwa sababu watu wangu wananijua kuwa mkali, mtu asiyekubali kuombwa jambo mara ya pili, na hawajui ukali huu niliutoa wapi.

Kabla ya mwaka ule kulikuwa na ghala moja mjini Bukoba, karibu na ziwa, ambamo sisi makuruta wa jeshi la Mwingereza tulilazwa tukingoja meli ya kwenda Mwanza. Lilikuwa ghala la kahawa. Magunia yalikuwa yameondolewa lakini harufu haikuondoka. Ilikuwa kwenye sakafu, kwenye kuta, mpaka kwenye blanketi. Ndani humo ndimo nilimokutana na Laurenti. Yeye alikuwa Mkatoliki wa Kashozi, rozari shingoni, mrefu, mwenye sauti ya kuimbia kanisani. Mimi Mlutheri wa Muleba niliyefundishwa kwamba Wakatoliki wanaabudu sanamu. Siku ya kwanza aliniangalia nikisali, nilipomaliza akasema kwa sauti, ghala zima lisikie, "Ninyi mnasali kwa Baba peke yake, nyumba yenu haina mama. Ndiyo maana mnanuna." Watu wakacheka. Nikamjibu, "Na ninyi mna mama, lakini bado mnaiba kuku." Tukashikana mashati. Ta Bernado, mtu mzima kuliko sisi sote, aliyekuwa amenyoa mvi ili achukuliwe jeshini, akatutenganisha kwa makofi. "Mnapigana hapa kwenu, huko mnakokwenda mtapigana na nani?" Jioni ile tulikula ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage kutoka sufuria moja, na Laurenti akanisukumia kipande chake kikubwa bila kuniangalia. Toka hapo hatukuachana.

Ni Ta Bernado aliyetulisha mukago, undugu wa damu. Wajukuu zangu hawalijui jambo hili, na makanisa yetu yote mawili yalilikataza, kwa hiyo nitalieleza. Tunda la kahawa lina punje mbili ndani, zimekumbatiana kama mapacha. Watu wawili wanaotaka kuwa ndugu wanachanjwa tumboni, karibu na kitovu; kila mmoja anapaka damu yake kwenye punje yake, anaiweka kwenye kiganja, na mwenzake anaiokota kwa mdomo na kuimeza bila kutafuna. Ta Bernado alikuwa amefungasha kahawa za kutafuna kutoka kwao. Akatusomea masharti tukiwa tumeketi mkeka mmoja: "Akija kwako na njaa, mlishe. Akifukuzwa, mfiche. Akikuomba jambo kwa jina la mukago, usimnyime, hata likiwa chungu. Ukimnyima, punje hii itaota tumboni mwako na tumbo litavimba mpaka lipasuke." Laurenti akauliza, "Na padri akijua?" Ta Bernado akasema, "Padri anakwenda Burma?" Tukameza.

Mwaka wenyewe ulianza tukiwa Sailoni, tukifundishwa vita vya msituni, na hadi leo nikisikia mtu anasifu kisiwa kile nanyamaza, kwa sababu tulishiba na kucheka huko, na niliyoyaona baadaye yamekifunika. Mvua ilipopamba moto tukavushwa hadi Bonde la Kabaw, huko Burma. Watu wa Bukoba tunaijua mvua. Lakini mvua ya kwetu inanyesha, inaacha, unatoka unaangalia kahawa yako. Ile haikuacha. Buti zilioza miguuni. Ruba waliingia hata kwenye matundu ya viatu. Njia ilikuwa uji mweusi, na kando yake Wajapani waliokufa kwa njaa na homa walikuwa wameketi wameegemea miti kana kwamba wanasubiri basi. Chakula chetu kilikuwa biskuti na nyama ya kopo, na siku ndege zilipoweza kupita mawinguni, wali. Tulikula tumesimama, kila mtu na kopo lake, kama mbwa kila mmoja na mfupa wake. Laurenti alichukia hilo kuliko risasi. "Zakaria," aliniambia, "mtu akila peke yake kwenye bati, baada ya muda anasahau jina la mama yake."

Katika bonde lile ndipo tulipokutana na Mbuzi. Jina hilo alilitoa Koplo Masanja, Msukuma mkubwa wa mwili aliyekuwa kiongozi wa seksheni yetu. Ulikuwa mzinga mdogo ambao Wajapani waliutengeneza zamani, kabla vita havijafika kwetu, kwa ajili ya kutoboa vifaru. Ulikaa chini, umetandaza miguu miwili nyuma kama mbuzi anayekojoa, na haukuzidi kimo cha kiuno cha mtu. Mizinga mingine inapiga mbinguni, kombora linapanda na kushuka, unapata nafasi ya kumkumbuka Mungu. Huu ulipiga moja kwa moja, kama mtu anayekunyooshea kidole. Kombora lilifika kwanza, mlio ukafuata. Ukisikia mlio, ujue umepona.

Tuliiona kazi yake asubuhi moja, vifaru viwili vya jeshi la Kihindi vilipokuja kutusaidia kwenye njia inayopita kati ya mlima na korongo. Tulifurahi sana. Masanja alipiga bamba la kifaru cha mbele kwa kiganja, akasema, "Huyu leo ndiye mke wangu, nitalala nyuma yake." Kikaenda mbele yetu. Mbuzi alikuwa amejificha chini ya mizizi ya mti, pembeni, akakiacha kipite mpaka kikampa ubavu. Tuliona tu kifaru kikisimama ghafla, kama ng'ombe aliyegongwa utosini, halafu moshi mwembamba. Hakutoka mtu. Cha pili kikarudi kinyumenyume, na sisi tukatumbukia korongoni. Baada ya hapo Mbuzi akakosa vifaru vya kupiga, akaanza kutupiga sisi. Alipiga watu wa machela. Alipiga mtu aliyekwenda kuteka maji. Kombora lililotengenezwa kuvunja chuma, kulitumia kwa mtu mmoja mwenye shati! Tukabaki mle korongoni, maji magotini, siku baada ya siku, na kila aliyeinua kichwa juu ya ukingo alijua ananyooshewa kidole.

Sasa lile jambo. Upande wa pili wa korongo, mbele yetu kidogo, kulikuwa na kichaka cha migomba mwitu. Msukuma akiona migomba anaona majani. Mhaya akiona migomba anaona nyumba. Sijui niseme vipi ili asiyekuwa wa kwetu anielewe: ukiwa mtoto ukifukuzwa unakimbilia kwenye migomba, mvua ikija unakimbilia kwenye migomba, wageni wanapokelewa humo, wafu wanalazwa humo. Sisi tuliitazama ile migomba siku zote hizo kama mtu anayetazama dirisha la kwao. Siku hiyo ndege zilikuwa zimedondosha mifuko, wali ukapikwa nyuma, ukaletwa na wapagazi ukiwa umepoa. Mvua ilikuwa imekatika, jambo la ajabu. Laurenti akatazama kopo lake, akatazama migomba.

"Mimi siwezi tena," akasema. "Nakwenda kukata majani. Leo tunakula chini, pamoja, kama watu."

Masanja akasema, "Kaa chini, mtu wa Kashozi."

"Dakika moja, Koplo. Natambaa."

"Ninyi Wahaya! Mnajiona Wazungu weusi, halafu mtakufa kwa ajili ya ndizi."

"Siyo ndizi," Laurenti akamjibu. "Ni sahani."

Tulicheka, Mungu anisamehe, hata Masanja alicheka. Laurenti akatambaa na mimi nikamfuata, kwa sababu palipokwenda mguu wake palikwenda wangu. Tukaingia kichakani. Ndani kulikuwa na kivuli kile cha kijani na harufu ileile, ya kwetu kabisa. Laurenti akafumba macho akavuta pumzi. Kisha akainua singe yake, akakata jani moja pana.

Mgomba hauwezi kukatwa jani kimyakimya. Ukigusa jani, mgomba wote unatikisika hadi juu, na hakukuwa na upepo. Kila mtoto wa Bukoba anajua hivyo. Mwizi wa mikungu hukamatwa kwa hilo. Sisi tulisahau, kwa sababu tulijiona tuko nyumbani. Kombora la kwanza lilipita juu yetu likatoboa mashina mfululizo bila kulipuka, tundu baada ya tundu, kwa maana lilitengenezwa kupasukia kwenye chuma, na mgomba ni maji tu. Maji yote yale yakatumwagikia. La pili lilipita chini zaidi. Laurenti hakupiga kelele. Alikaa tu, akatazama mguu wake wa kulia, ambao chini ya goti ulikuwa umebaki kuning'inia kwa ngozi.

Nilimfunga kwa mkanda wa bunduki, nikakaza kwa singe, nikamlaza kati ya mashina. Masanja aliita kutoka korongoni, "Mko hai?" Nikajibu tuko hai. "Msiguse kitu! Msitikise hata kijiti!" Mtu wa machela alijaribu kuja, alitoka ukingoni, kombora likapiga udongo mbele ya uso wake, akarudi. Hakuna aliyejaribu tena, na sikuwalaumu. Tulilala pale. Jua lilitoka, jua ambalo hatukuwa tumeliona kwa wiki kadhaa, na likawa adui, kwa sababu majani yalitulia tuli kama yamechorwa. Nzi wakaja. Nilipoinua mkono kuwafukuza, jani likagusika, na kombora lingine likapita. Basi nikawaacha nzi wafanye watakavyo kwenye mguu wa ndugu yangu, nami natazama.

Mchana ukaenda. Mkanda haukuzuia damu yote; udongo chini yake ulikuwa mwekundu, na midomo yake ikageuka rangi ya majivu. Aliniambia mambo ya kawaida kwanza, kwamba mama yake anapenda chai yenye tangawizi, kwamba kule Kashozi kuna kiwete anayekaa kwenye mlango wa kanisa, na watoto humrukia mgongoni na kumwita farasi. Kisha akasema kwa Kihaya, taratibu, neno kwa neno, ili nisije nikadai sikumsikia:

"Zakaria. Nakuomba kwa mukago. Nipige risasi, halafu tambaa urudi."

Nikasema, "Nyamaza, unapoteza nguvu."

"Nakuomba kwa mukago. Nikiwa hai hutatoka hapa. Na wakija kunichukua hai, unajua wanavyofanya."

"Sikupigi."

"Huwezi kuninyima. Ulimeza."

"Nilimeza, na nakunyima."

Akaniangalia. Sijawahi kuangaliwa vile na mtu yeyote. "Basi wewe siyo ndugu yangu," akasema. "Ulikuja kula kahawa ya watu bure."

Watu wanaonisoma wataona ni neno dogo, punje ya kahawa na hasira ya mgonjwa. Mimi nilikuwa kijana niliyeamini kabisa kwamba tumbo langu litavimba na kupasuka. Niliamini hivyo kama ninavyoamini jua litachwa. Na nitaongeza jambo moja. Nilishaiweka bunduki mkononi. Nilishafikiri wapi, kwenye paji au sikioni. Sikumnyima kwa sababu ya amri ya Mungu wala mafundisho ya Walutheri. Nilimnyima kwa sababu sikutaka kurudi korongoni peke yangu. Ndiyo hivyo tu. Nilitaka awe hai kwa ajili yangu, na hadi leo sioni kama ni vibaya, na sitamwomba radhi mtu.

Nikaanza kuomba mvua. Ile mvua tuliyoilaani kila siku, iliyotuozesha, niliisubiri pale kama mwenye kiu. Ilikuja alasiri. Kwanza kiza juu ya mlima, halafu ule uvumi unaotembea juu ya msitu, halafu tone kubwa kwenye jani, na jingine, mpaka migomba yote ikaanza kuruka na kupigapiga, kila jani, kila mahali, na hakuna mpiga mzinga duniani ambaye angeweza kujua ni jani lipi limeguswa na mtu na lipi limeguswa na mvua. Nikabandua ganda la shina lililoanguka, lile la nje, pana, lenye utelezi ndani. Nikamlaza Laurenti juu yake na kumburuta, kama watoto wa kwetu wanavyoteremka kilimani. Alinipiga ngumi mgongoni. Hakuwa na nguvu lakini alipiga, na kila ngumi alisema, "Niache." Mbuzi alilia mara kadhaa, akipiga mvua. Masanja alikuja kutulaki nje ya ukingo, hakungoja amri, akamshika Laurenti mabegani na kumshusha kama mzazi anavyomshusha mtoto kitandani.

Dresa alimdunga sindano. Wapagazi wakamweka kwenye machela. Nilitembea kando yake hadi mahali gari la jeshi lilipokuwa linangoja, nikimfunika uso kwa kofia yangu mvua isimpige. Walipompandisha alifungua macho, akanitafuta, akanipata. "Tumbo lako litavimba," akasema. Gari likaondoka.

Siku chache baadaye tulipanda kule kwa Mbuzi, baada ya ndege kupiga mlima, na hakuna aliyetupinga. Niliingia mwenyewe kwenye shimo lake. Lilikuwa chumba hasa: magogo juu, mkeka wa mianzi chini, rafu iliyochongwa kwenye udongo, na juu yake vikombe vimepangwa kwa safu. Mzinga ulikuwa pale, mdogo, umefunikwa turubai kwa heshima. Mzinga ule ulitengenezwa ili ufunguliwe vipandevipande na kubebwa na farasi. Mifupa ya farasi ilikuwa nje, imekwanguliwa hadi kung'aa. Waliwala farasi wao, kisha hawakuweza kuuondoa mzinga, kisha wakabaki nao. Watatu walikuwa wamekufa ndani, miguu yao myembamba kama mkono wangu. Kwenye sufuria kulikuwa na maji yenye vipande vyekundu. Nikachota kwa kidole. Lilikuwa lile ua linaloning'inia chini ya mkungu, ambalo sisi tunalikata na kulitupa. Walikuwa wanalichemsha wanakula, na viini vya machipukizi pia. Ile migomba ilikuwa shamba lao. Ndiyo maana walikuwa tayari kuharibu kombora la kifaru kwa mtu anayekata jani: walidhani tumekuja kuwaibia chakula. Masanja alisimama mlangoni, akauliza, "Umeona nini?" Nikamwambia, "Wezi wa ndizi tumekuwa sisi." Hakuelewa, nami sikuwa na nguvu za kumweleza.

Kabla mwaka haujaisha tumbo langu lilivimba. Kweli kabisa. Nilianguka njiani, nikaamkia kwenye hospitali ya jeshi Bara Hindi, katika wodi ndefu yenye vyandarua, tumbo limekaza kama ngoma. Daktari alisema ni bandama, ni malaria. Nilimsikiliza kwa adabu. Kila majeruhi wa kwetu aliyeletwa nilimuuliza habari za mtu mrefu wa Kashozi aliyekatwa mguu. Mmoja alisema amekufa kwenye ndege. Mwingine alisema alimwona Nairobi. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, Mchaga, alimwambia mwenzake akidhani nimelala, "Huyu Mhaya anaumwa mtu, haumwi tumbo." Nililala nikishika kitovu changu mahali pa chale, nikingoja kupasuka, na nikisema moyoni, nipasuke, lakini kwanza nijue kama alipona.

Sikupasuka. Nilirudishwa nyumbani mapema kuliko wenzangu, nikashuka Bukoba kutoka melini nikiwa mwembamba kiasi kwamba mke wa Ta Bernado, aliyekuja kumtafuta mumewe, alinipita. Sikwenda Muleba kwanza. Nilikwenda Kashozi kwa miguu, nikiuliza njia, na nilipoiona nyumba nilisimama nje kwa muda mrefu kwa sababu nilisikia mtu ndani akiimba.

Mama yake alinipokea bila kuuliza jina. Chumba kilitandikwa nyasi mbichi, kiliwekwa sawa, picha ya Bikira ukutani. Laurenti alikuwa ameketi kwenye kigoda, suruali imekunjwa na kupigwa pini chini ya goti, anashona mkeka. Aliacha kuimba. Nikamsalimu kwa Kihaya, "Kasinge, ndugu yangu." Hakuitika. Mama akaleta chakula, ebitoke vilivyochanganywa na maharage, vya moto, akavimwaga kwenye jani la mgomba katikati yetu, akasema, "Kuleni, waitu, wanangu." Tulikula. Tulikula chini, pamoja, mikono yetu ikigusana kwenye chakula kimoja, kile kitu chenyewe alichokwenda kukitafuta.

Kisha akanawa, akasema, "Watoto wananirukia mgongoni."

Nami nikanawa.

"Ulinyimwa kitu gani wewe, Zakaria? Una miguu miwili. Ulininyima mimi."

"Nilikunyima," nikasema. "Na ningekunyima tena."

"Najua. Basi nina ombi la pili, na hili huwezi kuninyima, kwa sababu la kwanza ulishalila. Nakuomba kwa mukago: nisikuone tena. Usije hapa. Nikiwa hai usije, na nikifa usije."

Nikasema, "Nimesikia."

Nimetii. Nimefika Bukoba mjini mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, kwa lori langu mwenyewe, na Kashozi sijakanyaga. Nilisikia sokoni kwamba alinunua cherehani akawa fundi mzuri, kwamba alioa, kwamba sauti yake ndiyo iliyokuwa ikisikika kuliko zote siku za Pasaka. Alipokufa walinitumia mtu. Nilikaa nyumbani. Watu wa Muleba walisema, mzee huyu ana moyo wa jiwe, hakwenda kumzika hata mwenzake wa vita. Waliyasema nikiwa nawasikia.

Lakini siku ile sikuondoka hivihivi. Nilitoka nje nikiwa sioni njia vizuri, na mama yake akanifuata hadi nyuma ya nyumba. Alikuwa amesikia yote. Mwanamke mzima, angeweza kunizaa, alipiga magoti kwenye udongo mbele yangu mimi, kijana mchafu wa jeshi, akaishika mikono yangu yote miwili. Nikamwambia, "Mama, inuka, tafadhali, si vizuri." Hakuinuka. Akasema kwa sauti ya chini sana, "Umefanya vema kumkatalia."

Kutoka ndani Laurenti akaita, "Mama! Nani bado yuko huko nje?"

"Hakuna mtu," mama akajibu, na bado alikuwa ameshika mikono yangu.